S.L.P. bila jina la posta ni namba tu: jinsi ya kuhakiki anwani za wateja

Leo naomba tuongelee kitu tunachokidharau sana: anwani. Sio ya imeili, nasema ile ya juu ya bahasha.

Najua kuna mtu ameshaanza kucheka, eti nani anatuma barua siku hizi wakati kuna WhatsApp. Subiri kwanza. Benki ikitaka kumdai mzee wako mkopo aliowekea nyumba rehani, Sheria ya Ardhi inataka apewe notisi ya siku 60 kabla nyumba haijauzwa. Hiyo notisi haiji kwa WhatsApp, inakuja kwa karatasi. Sasa kama kwenye fomu ya mkopo aliandika sanduku la shule aliyofundisha mwaka 1998, na leo ameshastaafu, unadhani nani atamletea? Mwenye kudai atasema mimi nilituma. Siku zinahesabika, na mzee yuko shambani anapalilia miwa, hana habari.

Tuanze na jambo lenyewe. Tanzania karibu miaka yote barua hazijawa zinaletwa mlangoni. Zinaishia kwenye sanduku lililoko ofisi ya posta, wewe ndiye unaifuata na ufunguo wako. Ndio maana ya S.L.P. Na namba za masanduku zinajirudia kila ofisi: S.L.P. 25 Mikumi na S.L.P. 25 Kilosa ni masanduku mawili tofauti kabisa. Kwa hiyo mtu akikuandikia "S.L.P. 25, Morogoro" wakati sanduku liko Mikumi, barua inaenda kwa mtu mwingine kule Morogoro mjini, na wala haionekani kama imepotea. Imefika! Imefika kwa asiyehusika.

Huku kwetu ndio balaa zaidi kwa sababu ya majina. Hebu angalieni: Kidodi iko Wilaya ya Kilosa. Kidatu, hapo mbele tu ukifuata barabara ya Ifakara, iko Wilaya ya Kilombero. Na ndani ya Kilosa hiyo hiyo kuna Kidete, kule upande wa reli ya kati. Mtu wa Dar anayepanga bahasha kwa haraka hayo majina matatu ni kitu kimoja. Halafu kuna Ruaha yetu hii jirani, na kuna Ruaha Mbuyuni iliyoko njia ya Iringa. Ukiandika "Ruaha" peke yake umecheza bahati nasibu.

Bado kuna ishu ya kiwanda cha sukari. Kampuni inaitwa Kilombero, anwani yake ni ya Kidatu, lakini kiwanda kimojawapo kiko upande wa Ruhembe, yaani Kilosa. Unakuta mfanyakazi analala Wilaya ya Kilosa, anajaza fomu "Kilombero", na barua zake anachukulia Kidatu. Yeye hajadanganya popote! Ni kwamba fomu imemuuliza swali moja wakati majibu yapo matatu: unaishi wapi, barua unachukulia wapi, na wilaya yako ni ipi.

Na ndio maana neno "Kilosa" nalo halisaidii sana. Kwa mtu wa mbali, wilaya na mji ni kitu kimoja. Barua ikiandikwa Kilosa itaenda Kilosa mjini, na kutoka huku kwetu mpaka huko ni safari, inabidi upite Mikumi kwanza. Nani atatoa nauli kufuata bahasha ambayo hata hajui kama ipo?

Msimu uliopita nilipata kazi ya kuchapa orodha ya wateja ya duka moja la pembejeo. Daftari la mkono, majina mia mbili na kitu, wengi wakulima wa miwa. Mwenye duka alikuwa anataka kila mmoja apate barua ya deni lake na bei mpya za mbolea kabla ya kupanda. Nilivyofungua tu nikaona: huyu ana S.L.P. bila posta, huyu ana posta bila S.L.P., wengine kumi na kitu wote wanatumia sanduku la parokia moja, na mmoja kaandikwa mara tatu kwa majina yaliyogeuzwa, baba mbele, jina nyuma. Ukituma hivyo hivyo stempu zimekwenda na maji.

Kazi ya kuhakiki haihitaji programu ya ajabu. Kwanza vunja anwani vipande: jina, S.L.P., ofisi ya posta, kata, wilaya, mkoa, postikodi, simu, kila kimoja na safu yake kwenye Excel. Ukiweka vyote kwenye seli moja huwezi kupanga wala kutafuta kitu. Na hapa nawapa siri ndogo: kabla hujaanza kuchapa, weka safu za simu na postikodi ziwe za maandishi, sio za hesabu. Excel ikiona 0754 inakula ile sifuri. Kama una mteja Kenya ndio kabisa, maana postikodi ya GPO Nairobi ni 00100, na Excel itakuachia 100 tupu.

Postikodi zetu ziko tofauti na za Kenya, na wengi hatujui. Ya Kenya ni ya ofisi ya posta. Ya kwetu ni ya kata. Ina tarakimu tano: ya kwanza ni kanda, ya pili inakupa mkoa, ya tatu wilaya, mbili za mwisho kata yenyewe. 1 ni Dar es Salaam, 7 ni Zanzibar. Sisi Morogoro tunaanza na 67. Kwa hiyo kwenye orodha yako ukikuta mtu wa Kidodi ana postikodi inayoanza na 4, hapo hujahitaji kupiga simu, hiyo ni kanda ya kati, mtu kanakili kutoka kwenye barua ya wizara iliyotoka Dodoma. Orodha ya kata zote imewekwa na TCRA kwenye tovuti yao, kaangalie, usikisie.

Angalieni pia na miaka. Gairo ilikuwa sehemu ya Kilosa mpaka mwaka 2012 ilipokuwa wilaya yake. Daftari la zamani litakuambia "Gairo, Kilosa" mpaka leo. Na mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti 23, ndio serikali ilifanya ile operesheni ya anwani za makazi, mitaa ikapewa majina na nyumba namba, taarifa zikaingizwa kwenye mfumo wa NaPA. Kibao cha namba kipo ukutani lakini muulize mtu namba ya nyumba yake, anatoka nje kwanza kuchungulia.

Baada ya kulinganisha hayo ndio unapiga simu. Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapokosea adabu. Usimpigie mzee wa watu ukaanza "thibitisha anwani yako". Atadhani ni tapeli, na ana haki. Mimi naanza: "Shikamoo mzee, napiga kwa niaba ya duka la pembejeo, tunarekebisha daftari. Barua zako unachukulia posta gani?" Swali ni hilo, posta gani, sio "anwani yako ni ipi", maana ukiuliza hivyo atakutajia kijiji. Halafu uliza kama sanduku ni lake au la mtu, na kama linalipiwa. Sanduku lina ada ya mwaka. Lisipolipiwa linafungwa, na baadaye namba anaweza kupewa mwingine. Kama ni la shule au kanisa, andika jina la taasisi kwenye bahasha chini ya jina lake, la sivyo karani ataona jina asilolijua.

Wenzetu Marekani hiki kitu wamekifanya sheria. Wana namba za ZIP tangu 1963, na kampuni ikitaka punguzo la barua nyingi kwa mpigo lazima ionyeshe imekagua waliohama ndani ya siku 95 kabla ya kutuma. Sisi hatuna orodha ya waliohama, tuna simu tu. Basi zitumike.

Bahasha ikirudi usiitupe. Andika tarehe na sababu kwenye safu yake, na huyo mtu usimtumie tena mpaka umpate. Barua nzito kama ya deni, tuma kwa rejista ubaki na risiti.

Kingine, hilo daftari ni taarifa za watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kazi Mei 2023, na inamtaka anayetunza taarifa ahakikishe ni sahihi na azilinde. Kwa hiyo vijana wenzangu wa stesheneri, ukimaliza kuchapa faili la mtu usiliache kwenye desktop ya kafe. Mpe mwenyewe kwenye flashi, futa, na ukafute na kwenye recycle bin.

Haya, kwa walioko Kidodi na Ruaha: barua zenu mnachukulia posta gani, na mara ya mwisho kulifungua sanduku ilikuwa lini? Tupieni hapo chini, ila namba ya sanduku msiiweke. Nawasilisha.