Mti Mzee Karibu na Nyumba: Uuchunguze Kabla ya Mvua

Ndugu mkulima, mti mkubwa ulio karibu na nyumba ni mali, na tena ni mashaka. Ni mali kwa sababu unakupa kivuli na kuni, na unapunguza nguvu ya upepo usije ukang'oa mabati. Ni mashaka kwa sababu siku ukianguka hauchagui. Huvunja nyumba, huua ng'ombe, na mara nyingine huua watu. Basi kila mvua inapokaribia wakulima wengi hujiuliza: Je, niukate, au niuache?

Jibu letu ni hili: usiukate kwa hofu tu, wala usiuache kwa mazoea tu. Uchunguze kwanza. Miti mingi inayoanguka huanza kuonyesha dalili miaka mingi kabla ya siku ya upepo, na dalili hizo mtu yeyote mwenye macho aweza kuziona.

Jambo hili linahusu sana watu wa skimu. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulianza mwaka 1962. Mgrevilea uliopandwa mpakani siku zile sasa una miaka 60 hivi. Mtoto aliyeupanda amekuwa mzee, na mti nao ni mzee vilevile.

SOMO KUTOKA NAIROBI

Ukitaka kujifunza habari za miti mizee, tazama mji wa Nairobi. Katikati ya mji kuna mijakaranda, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini. Ukielekea magharibi, mitaa ya Kileleshwa, Lavington na Karen, utakuta migrevilea na mikaratusi iliyotoka Australia, pamoja na miti yetu ya asili. Wakati wa mvua kubwa za Aprili na Mei 2024, baadhi ya miti kama hiyo iliangukia barabara, magari na nyumba.

Watu wengi husema, "Ni upepo tu." Lakini tufikiri kidogo. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga kisiwa cha Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi mingi sana, mizima kwa mibovu. Upepo wa namna ile hauna dawa. Nairobi iko mbali na bahari, nayo iko juu kiasi cha mita 1,700, kwa hiyo vimbunga vya baharini haviifikii. Upepo wa Nairobi, kama ule wa skimu zetu nyingi, ni upepo wa mvua ya kawaida. Mti ukiangushwa na upepo huo, wakati jirani yake amesimama, yafaa tuulize ulikuwa na kasoro gani. Mara nyingi kasoro hiyo imeletwa na mkono wa mtu.

MIZIZI NDIYO MSINGI

Wengi hudhani kwamba mizizi ya mti huenda chini tu, sawa na urefu wa mti wenyewe. Sivyo. Sehemu kubwa ya mizizi iko karibu na uso wa ardhi, katika mita moja ya juu, nayo husambaa mbali kupita kivuli cha matawi. Mizizi hiyo hufanya kazi mbili: kulisha mti na kuushikilia. Ukiikata upande mmoja, ni kama kuondoa nguzo za upande mmoja wa nyumba.

Tazama mambo yanavyokwenda Kileleshwa na Lavington. Nyumba za zamani zenye bustani zinabomolewa, na maghorofa yanajengwa mahali pake. Msingi unachimbwa karibu na mti, au mtaro wa bomba unapita miguuni pake, na mizizi inakatwa. Mti haufi siku ile. Waweza kukaa na majani mabichi miaka kadhaa, na mwenye nyumba asishuku lolote. Kisha inakuja mvua ya siku tatu, udongo unalainika, upepo unavuma, na mti wote unalala chini na majani yake mabichi. Hapo watu husema umeanguka bila sababu.

Udongo nao una neno. Magharibi ya Nairobi, kama Dagoretti na Kangemi, udongo ni mwekundu, una kina, na maji hupenya vizuri. Mizizi hupata nafasi ya kushika. Upande wa mashariki na kusini kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Huko mizizi hukaa juu juu. Wakulima wa Ol Kalou na Kinangop wanaujua udongo unaotuamisha maji. Kama shamba lako ni la namna hiyo, uwe mwangalifu mara mbili.

Kuna kipimo rahisi cha kulinda mizizi. Chukua kamba, uzungushe shina mara moja kwa kimo cha kifua chako, kisha ukate kamba hapo. Halafu, kuanzia kwenye shina, pima urefu wa kamba hiyo mara nne kwenda nje. Shina lenye mzingo wa mita moja na nusu litakupa mita 6. Ndani ya duara hilo usichimbe choo, mtaro wala msingi wa nyumba. Usiwashe moto, usifunge ng'ombe kila siku, kwa maana kwato hushindilia udongo hata hewa na maji visipite. Wala usilundike udongo kwenye shina. Badala yake, tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 10, ila uache nafasi kidogo yasiguse shina.

Mfano mzuri ni ule mugumo mkubwa wa Waiyaki Way, huko Westlands. Barabara mpya ya juu ilipokuwa ikijengwa, ulikusudiwa kung'olewa. Watu wengi walilalamika, na mwezi wa Novemba 2020 ikatolewa amri ya Rais kwamba usiguswe. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini kumbuka kwamba kuuzuia mti usikatwe shoka ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuiachia mizizi yake ardhi.

USIUKATE KICHWA

Kosa la pili ni kukata kichwa chote cha mti ili uwe mfupi. Mwenye mti hulala usingizi mzuri mwaka huo. Lakini mti ulionyang'anywa majani una njaa, nao hutoa machipukizi mengi kwa haraka. Machipukizi hayo hayakushikwa na mti wa ndani. Yamebandikwa kwenye ganda tu, na chini yake kidonda kinaoza. Baada ya miaka michache yamekuwa matawi mazito yenye shina bovu, na hatari ni kubwa kuliko mwanzo. Ukipunguza matawi ya mti mzee, usiondoe zaidi ya robo kwa mara moja, na anza na yale makavu.

Kata tawi hivi:

1. Kwanza, kata kwa msumeno kutoka chini, kiasi cha sentimita 30 kutoka kwenye shina, uishie theluthi ya unene wake. Hii huzuia ganda lisichunike hadi kwenye shina.

2. Pili, kata kutoka juu, mbele kidogo ya pale ulipokata kwanza, mpaka tawi lianguke.

3. Tatu, ondoa kisiki kilichobaki. Pale tawi linapoungana na shina pana uvimbe kama kola ya shati. Kata nje kidogo ya uvimbe huo. Ukiukata, kidonda hakitafunga vizuri. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza.

Usipake lami wala rangi. Mti hufunga kidonda chake wenyewe.

DALILI ZA HATARI

Zunguka mti wako polepole, utazame mambo haya matano:

1. Uyoga unaoota kwenye shina au juu ya mizizi. Ndani kuna kuoza.

2. Udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja wa shina. Mti uliokua umeinama tangu udogo si lazima uwe na hatari, lakini ulioanza kuinama mwaka huu unang'oka.

3. Ufa kwenye panda, pale shina linapogawanyika mara mbili.

4. Sauti ya ngoma unapogonga shina kwa nyundo.

5. Matawi makavu juu ya paa, zizi, au njia ya watoto.

Ukiona dalili ya tano peke yake, ondoa matawi hayo, basi. Ukiona mojawapo ya zile nne, mwite Bwana au Bibi Shamba, au afisa wa misitu, aje autazame mti. Kama ni ya pili, usingoje. Hamisha kitanda na zizi upande wa pili leo hii. Akikuambia mti ukatwe, muulize pia kama yahitajika ruhusa, na mtafute fundi mwenye kamba na ujuzi. Mti uliogusa nyaya za umeme usiuguse wewe. Waite watu wa umeme. Wakati wa radi asikae mtu yeyote chini ya mti, hata ukiwa mzima namna gani.

Na kama ni lazima mti uondoke, panda mwingine kwanza. Uupande mbali na nyumba kuliko urefu utakaokuwa nao ukikomaa, ili mjukuu wako asije akajiuliza swali hilihili.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kamba, nyundo na saa moja ya kutembea chini ya miti yako vyatosha kuanza kazi. Anza wiki hii, ardhi ingali kavu.