Jiko lako la nyama choma lisiliwe na kutu

Msomaji, ukipita mtaa wa Membley kule Ruiru siku ya Jumapili alasiri, pua itakuambia ni nyumba gani ina wageni. Mbuzi yuko motoni nyuma ya nyumba. Lakini chungulia hilo jiko lenyewe. Mara nyingi ni nusu ya pipa iliyotoboka chini, makaa yanadondoka kwenye nyasi, na mwenyewe anaapa kwamba alilinunua juzijuzi tu.

Watu wa bara hudhani kutu ni shida ya ndugu zetu wa pwani. Ni kweli hewa ya Nyali na Diani ina chumvi, na chuma cha kawaida huko hakidumu. Lakini Membley nako kuna mvua ya Machi hadi Mei, nyingine ya Oktoba hadi Desemba, na manyunyu ya Julai. Zaidi ya hayo, sisi wenyewe tunaipeleka chumvi jikoni. Ile tunayonyunyizia nyama hudondoka pamoja na mafuta, ikachanganyika na majivu. Majivu nayo hunyonya unyevu. Ukiyaacha humo wiki nzima, ni kama umelifunika jiko kwa kitambaa kibichi.

Basi unaponunua, uliza maswali. Pipa lilibeba nini? Kama lilikuwa la rangi au dawa ya wadudu, liache, hata kama fundi atakuambia amelichoma likatakata. Bati la pipa pia ni jembamba, kama milimita moja tu. Afadhali umwambie fundi wa jua kali akuundie la bati la milimita 3, lenye miguu mirefu na matundu ya hewa chini. Ni zito na bei yake ni ya juu, lakini hutarudi kwake upesi.

Wavu nao una mambo yake. Usikubali waya uliopakwa zinki, ule wa kung'aa wa kujengea ua au vizimba vya kuku. Moto mkali wa makaa huweza kuiyeyusha zinki hiyo, na moshi wake ni sumu. Tafuta nondo tupu au chuma kisichoshika kutu. Hapa wauzaji hudanganya sana, kwa hiyo beba sumaku mfukoni. Chuma kizuri cha aina hiyo kwa kawaida hakivutwi na sumaku. Ikinata kabisa, huenda ni aina hafifu, au si chenyewe kamwe.

Ukimaliza kula, acha jiko lipoe hadi kesho yake, kisha zoa majivu yote. Wavu usugue ukiwa na joto kwa nusu kitunguu kilichochomwa uma. Brashi ya waya mimi siipendi, kwani nyuzi zake hung'oka, zikanata kwenye nyama na kuishia kooni mwa mtoto. Halafu paka mafuta kidogo ya kupikia. Ukilifunika kwa karatasi ya nailoni, acha nafasi ya hewa kupita. Nailoni iliyobana hufungia unyevu ndani.

Wenye nyumba pwani waongeze jambo moja: kulisuuza jiko kwa maji yasiyo na chumvi na kulikausha kabla ya kulipaka mafuta. Visima vingi vya huko vina maji ya chumvi, kwa hiyo tumia ya mvua.

Hayo tisa, kumi ni baridi ya Julai. Nyama ikiisha, kuna watu hubeba jiko lenye makaa mekundu hadi sebuleni ili watoto waote moto. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Hata kufungua dirisha hakutoshi. Makaa yaliyobaki yatie kwenye debe la chuma lenye kifuniko, na debe lilale huko huko nje, mbali na ukuta wa mbao.