Chokaa, Kaboni na Tumbawe

Mchenjuaji wa dhahabu wa Geita hafanyi kazi bila chokaa, kaboni na sayanaidi. Anayefuga matumbawe kwenye tangi la kioo sebuleni hutumia viwili vya kwanza mara kwa mara, na hicho cha tatu huenda kilishapita kwenye matamvua ya samaki wake kabla hajamlipia. Ndiyo maana naamini kwamba watu wa ukanda wa dhahabu wanaweza kulielewa tangi la maji chumvi upesi kuliko mtu wa Dar es Salaam anayeiona bahari kila asubuhi.

Kutoka Shinyanga hadi Bahari ya Hindi ni karibu kilometa 1,000 za barabara, kwa hiyo bahari itabidi itengenezwe nyumbani. Tuseme ni tangi la lita 100. Maji ya bomba ya Shinyanga na Kahama hutoka Ziwa Victoria, yakivutwa kutoka Ihelele wilayani Misungwi kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Ni maji mazuri, ila yametiwa klorini, na klorini huua bakteria ambao tangi litawategemea. Maji ya visima ya Shinyanga yana tatizo lake la floridi nyingi. Njia salama ni kuyapitisha kwenye mashine ya kuchuja kama zile za wauza maji ya kunywa, yabaki maji matupu, ndipo yatiwe chumvi.

Inahitajika gramu 35 kwa kila lita, yaani kilo tatu na nusu kwa tangi zima. Chumvi ya mezani haifai, hata ile iliyovunwa baharini. Maji ya bahari yanapokauka kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, madini ya kalsiamu hutangulia kuganda na kubaki nyuma, na mwishoni magnesiamu humwagwa pamoja na maji machungu yanayosalia. Kinachouzwa dukani ni karibu sodiamu kloridi tupu. Tumbawe linataka kila lita ya maji iwe na miligramu zipatazo 420 za kalsiamu na 1,300 za magnesiamu, kwa hiyo hununuliwa chumvi maalumu iliyochanganywa kwa ajili ya matangi.

Tumbawe ni mnyama. Kile kinachoonekana kama jiwe lenye matawi ni nyumba ya maelfu ya vijinyama laini viitwavyo polipu, kila kimoja na mdomo uliozungukwa na vishikio. Ndani ya miili yao huishi mwani wa seli moja, unaotengeneza sukari kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Kwa nguvu hiyo polipu huchukua kalsiamu na kaboneti majini na kujijengea chokaa chini yake. Baharini madini hayo hayaishi. Kwenye lita 100, matumbawe machache ya mawe yanaweza kuyapunguza kwa siku chache tu, hadi ujenzi ukasimama.

Hapo ndipo chokaa inapoingia. Chokaa iliyozimwa, ile safi ya daraja la chakula na siyo ya kupakia ukuta, huyeyushwa kwenye maji matupu, huachwa ituame, kisha maji yake maangavu hudondoshwa tangini tone kwa tone wakati wa usiku. Usiku mwani haufanyi kazi, viumbe wote wanatoa kaboni dioksidi, na pH inashuka. Chokaa huipandisha na papo hapo hurudisha kalsiamu. Mchenjuaji atatambua mchezo huu. Yeye hutia chokaa mpaka pH ipite 10, kwa sababu chini ya hapo sayanaidi huanza kugeuka gesi ya kuua. Mfuga matumbawe analenga kati ya 8.1 na 8.4, na akimimina maji ya chokaa kwa pupa anaweza kuua tangi zima usiku mmoja. Inafaa kukumbuka pia kwamba kwa karne nyingi watu wa pwani walipata chokaa kwa kuchoma matumbawe yenyewe. Majumba ya Kilwa na Unguja yamesimama juu ya chokaa hiyo.

Kaboni ni hadithi nyingine. Punje nyeusi zinazonasa dhahabu kwenye mitambo ya Geita, kabla hazijapelekwa kwenye elusheni ili dhahabu hiyo itolewe, mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi vilivyochomwa bila hewa ya kutosha, kisha vikatobolewa kwa mvuke wa moto mkali. Ndani yake kuna vinyweleo vingi mno: gramu saba au nane hivi zina eneo la ndani linalotosha uwanja wa mpira. Katika tangi kaboni ya namna hiyohiyo hunasa rangi ya manjano na sumu ambazo matumbawe hutoana yanapogombea nafasi, maana hupigana kweli. Lakini isitoke plentini, yaani kwenye mtambo wa kuchenjulia. Kaboni iliyokwisha kutumika imebeba madini, na pipa lililowahi kubeba kemikali za mgodi lisikaribie maji ya tangi hata likioshwa mara kumi.

Shaba ndiyo ya kuogopwa zaidi. Wachenjuaji wanajua kwamba mawe yenye shaba hula sayanaidi, na nchi nzima ilijua kuna shaba kwenye mgodi wa Bulyanhulu pale usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wa madini, ulipozuiwa mwaka 2017. Kiasi cha shaba ambacho samaki anakistahimili kinatosha kuua kamba, konokono na tumbawe. Kwa hiyo hakuna bomba la shaba wala koki ya shaba nyeupe kwenye njia ya maji hayo.

Mengine ni ya mazingira yetu. Upepo mkavu wa kiangazi huondoa maji tangini kila siku huku chumvi ikibaki, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji matupu, kamwe siyo ya chumvi. Upepo huohuo, ukipulizwa na feni juu ya maji, hushusha joto kwa nyuzi kadhaa. Nyuzi 25 hadi 27 zinafaa, na joto likizidi kwa muda matumbawe hufukuza mwani wao na kupauka, kama yalivyopauka pwani ya Tanzania mwaka 1998 na tena 2016. Shinyanga iko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa sababu hiyo maji yake hushika oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 12. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri ianze kazi mara moja.

Sasa sayanaidi. Katika miaka ya 1960 wakamataji wa samaki wa mapambo huko Ufilipino walianza kuyeyusha vidonge vya sayanaidi ya sodiamu kwenye chupa za plastiki na kurusha majimaji yake kwenye mianya ya miamba. Samaki hulewa, huchukuliwa kwa mkono. Kemia yake mchenjuaji anaijua: katika pH ya bahari, karibu 8.1, sehemu kubwa ya sayanaidi ni ile ya gesi, ikiwa imeyeyuka majini, nayo hupenya matamvua kirahisi na kuzuia seli kutumia oksijeni hata kama damu imejaa oksijeni. Wengi hufa palepale, wengine hufa baada ya wiki wakiwa kwa mnunuzi, na tumbawe lililorushiwa hupauka. Pwani yetu iliumizwa zaidi na baruti, kilipuzi ambacho kazi yake halali ni kupasua miamba migodini na barabarani.

Siyo lazima iwe hivyo. Kenya imeuza nje samaki wa mapambo wa baharini kwa miongo kadhaa, wakikamatwa na wazamiaji wenye nyavu ndogo. Matumbawe nayo hayana haja ya kung'olewa mwambani: kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kilichokatwa kutoka tumbawe lililokuzwa tangini na kugundishwa kwenye kijiwe, hukua na kugawanywa tena. Matumbawe ya mawe yamo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Anayeanza aanze na matumbawe laini, yasiyojenga jiwe na yasiyodai chokaa nyingi, baada ya kusubiri wiki nne hadi sita bakteria wazoee kugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Kipimo cha amonia kisome sifuri kabla ya samaki yeyote kuingia.

Na samaki huyo awe wa kuzaliwa tangini. Yule wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, aishiye kwenye anemoni, amezalishwa hivyo kwa miongo mingi. Wote huanza wakiwa madume. Wawili wakikaa pamoja, mkubwa hugeuka jike. Hutaga mayai kwenye jiwe, dume huyapepea kwa mapezi, na baada ya wiki moja hivi, gizani, huanguliwa. Vifaranga hula vidudu visivyoonekana vizuri kwa macho, ambavyo mfugaji huvilea kwenye ndoo ya pembeni kwa mwani wa kijani. Mtu wa Kahama aliyezoea kupima pH na kulinda plenti usiku kucha anaweza kuisimamia ndoo hiyo, na samaki atakaowauza hawatakuwa wamewahi kurushiwa sayanaidi.