Je, Wajua? Mlima wa Stairofomu na Ubao Unaoubeba

Je, wajua kwamba stairofomu nyeupe inayokuja na televisheni mpya ni hewa kwa karibu asilimia 98? Ndiyo maana mwanafunzi wa Kawangware anaweza kupanda matatu na diorama (mandhari ya mfano) ya Mlima Kenya kwapani. Taabu iko chini: mlima usio na ubao imara wa kuukalia humeguka pembe kabla mwalimu hajauona.

Je, wajua kwamba gundi kali ya matone, ile inayonata vidoleni, huila stairofomu? Rangi ya kupuliza nayo ni vivyo hivyo: vishimo hufunguka mbele ya macho yako, na bonde linachimbika mahali ulipotaka kilima. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Ila hiyo hukauka kwa kupoteza maji, na kati ya vipande viwili vya stairofomu maji hayana pa kutokea. Paka nyembamba, choma vijiti vya meno vishikilie, weka vitabu juu, ukalale.

Tukija kwenye ubao wa chini, kwa nini plaiwudi huwa na tabaka 3, 5 au 7, mara chache sana 4? Mbao ikinywa maji hutanuka kwa upana, kwa urefu karibu haisogei. Kwa hiyo kila tabaka hulazwa kukingama na lililo chini yake, yazuiane. Idadi ikiwa witiri, nyuso mbili za nje huelekea upande mmoja na kuvutana sawasawa. Ukimwaga plasta mbichi juu peke yake umeharibu mizani hiyo, na kesho utakuta ubao umebinuka. Dawa yake ni vanishi pande zote mbili, na kingo usizisahau, kisha fremu ya vipande vya mbao chini. Vipande hivyo waulize mafundi wa fanicha wa Barabara ya Ngong. Kinachobaki baada ya kitanda kinakutosha. Ubao wa nyuzi za mbao (MDF) uache kama kazi yako ina maji: ukivimba haurudi.

Na saipresi, mbao ya kila siku kwa fundi wa Nairobi? Asili ya mti huo ni Mexico na Amerika ya Kati.

Sasa hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Carl Akeley, Mmarekani aliyenusurika kuuawa na ndovu Mlima Kenya mwaka 1910, ndiye bingwa wa diorama za wanyama waliokaushwa wa Afrika. Ukumbi wenye jina lake ulifunguliwa New York mwaka 1936, miaka 10 baada ya yeye kufariki kwenye Mlima Mikeno, Kongo. Lakini huyo huyo, alipokuwa akifanya kazi katika jumba la makumbusho la Chicago ambalo kuta zake zilikuwa zikibanduka, alibuni mashine ya kupuliza saruji kwa nguvu ya hewa na kuipatia hataza mwaka 1911. Leo nenda Mavoko, nje kidogo ya Nairobi, kwenye kiwanda cha Shirika la Taifa la Nyumba. Hutengeneza paneli za stairofomu zilizofunikwa wavu wa chuma, na mjenzi huzipulizia zege zikawa ukuta. Fundi wa wanyama waliokaushwa, kumbe, ana mkono katika nyumba zetu!

Na wanyama wa makumbusho si wa New York tu: ukifika Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, Nairobi, mtazame Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta hadi kifo chake mwaka 1974. Yule unayemwona uani ni sanamu ya faiba.

Je, stairofomu hubeba uzito? Mwaka 1972 Wanorwe waliiweka chini ya barabara karibu na Oslo, mahali ambapo udongo laini ulikuwa ukizama, na magari yakapita juu. Siri ni kuutandaza mzigo. Bonyeza kwa kidole kimoja, itaingia. Kwa hiyo nyumba au mti mzito wa diorama yako usiusimamishe juu ya stairofomu tupu: zika kwanza kipande cha plaiwudi cha ukubwa wa kiganja, gundisha, ndipo upigilie.