Shida Si CV Yako, Wateja Hawana Doh

Umepeleka CV kila mahali na jibu ni lile lile: "Tutakupigia." Simu hailii, na nyumbani wameanza kusema huna bidii. Hebu leo tuangalie upande wa anayeajiri.

Chukua kinyozi mwenye viti vitano pale Githurai. Hata wikendi, ni viti viwili tu vina watu. Huyo ataajiri kinyozi wa tatu afanye nini? Ukimpa mkopo, hatafungua tawi jipya. Shida yake si mtaji, ni wateja. Jamaa aliyekuwa akinyoa kila wiki siku hizi anangoja mwisho wa mwezi.

Mbona anangoja? Tuseme mshahara wake ni Sh40,000. Ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 unabeba Sh600, SHIF ya asilimia 2.75 inabeba Sh1,100, nayo NSSF ya asilimia 6 inabeba Sh2,400. Hapo Sh4,100 zimeenda, na KRA haijagusa PAYE. Tena VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na mafuta yakipanda, nauli haibaki nyuma. Cha kwanza kukatwa ni kinyozi, chipo na viatu vipya.

Riba ya Benki Kuu ilifika asilimia 13 Februari 2024, ikaanza kushushwa Agosti. Poa, lakini mkopo nafuu humsaidia mwenye foleni mlangoni. Asiye na foleni anaona deni tu.

Tusidanganyane pia, wateja si sababu pekee. Kwa mfanyakazi yule yule wa Sh40,000, mwajiri huongeza Sh600 za nyumba na Sh2,400 za NSSF kutoka mfuko wake. Hata mwenye biashara inayosonga hufikiria mara mbili.

Kinachouma ni huu mzunguko: huna kazi, kwa hivyo hununui, hununui, kwa hivyo kinyozi haajiri.

Basi kabla hujalipia cheti kingine, simama saa moja nje ya biashara unayotaka kufanya kazi, uhesabu wanaoingia. Penye foleni ndipo pa kuulizia kazi. Na mwanasiasa akija mtaani kwenu kuahidi ajira, muulize swali moja: hizo bidhaa zitanunuliwa na nani?