Kule mkoani wanafanya nini hasa? Ifahamu Seksheni ya Uchumi na Uzalishaji

Wakulima wetu wakikwama, neno la kwanza ni "hili tulipeleke mkoani." Mfereji umebomoka, mkoani. Ushirika haujalipa, mkoani. Ndege wamevamia mtama, mkoani. Sasa ukiuliza mkoani kwa nani, wengi wanajibu "kwa RC." Mkuu wa Mkoa ni mtu mmoja, jamani. Ofisi ile ina Katibu Tawala wa Mkoa, na chini yake kuna seksheni mbalimbali. Inayotuhusu sisi wakulima, wafugaji na wavuvi inaitwa Seksheni ya Uchumi na Uzalishaji. Leo niieleze hiyo, maana nimeona watu wakipoteza nauli na msimu kwa kutojua ipi ni kazi yao na ipi si yao.

Nianze na jambo ambalo halipendezi kusikia: seksheni hii haigawi mbegu, haikopeshi na haijengi mifereji. Kazi yake ni kuzishauri halmashauri, kuzisimamia na kuziunganisha. Inapitia mipango na bajeti za halmashauri zote za mkoa kabla hazijapanda kwenda TAMISEMI na Hazina. Inakusanya takwimu za mazao kutoka wilayani, yaani nani kalima nini, hali ya chakula ikoje. Inaratibu maandalizi ya Nane Nane kwa kushirikiana na mikoa mingine ya kanda. Watumishi wake ni wachache. Ukifika utakuta mshauri wa kilimo, wa mifugo, na wengine wa fani zao, ambao kila mmoja anahudumia wilaya zote.

Wazee wananibishia sana hapa. "Bwana shamba, mkoa zamani ulikuwa na kila kitu!" Na wana haki. Mwaka 1972 serikali ilileta Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zikafutwa, na wataalamu pamoja na fedha za maendeleo vikawekwa chini ya mkoa. Mkurugenzi wa Maendeleo wa Mkoa alikuwa mtu mzito kweli. Halafu sheria za 1982 zikarudisha serikali za mitaa, na Sheria ya Tawala za Mikoa Na. 19 ya 1997 ikaupunguza mkoa ukabaki na kazi ya kushauri na kusimamia. Mimi afisa ugani mwajiri wangu ni halmashauri, na pikipiki yangu ikikosa mafuta siulizi mkoani. Kwa hiyo mzee anayekumbuka mkoa wenye matrekta anakumbuka vizuri, ila ofisi anayoikumbuka haipo tena.

(Wasomaji wa Kenya msichanganye. Kwenu tangu Katiba ya 2010 kilimo kimekwenda kaunti, na kaunti ina serikali iliyochaguliwa na bajeti yake. Mkoa wa kwetu hauchaguliwi na mtu. Ni mkono wa Serikali Kuu.)

Tuje kwenye bajeti, maana hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Lakini ukienda Juni kuomba ghala umechelewa karibu mwaka mzima. Mradi unaibuliwa kijijini, unapita mkutano mkuu wa kijiji, unakwenda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo unafika halmashauri. Halmashauri nyingi zinaanza kuandaa mpango kuanzia Oktoba hivi, na baada ya mwaka mpya mambo yanakuwa yameshafungwa. Mkoa unapitia kile kilicholetwa. Hauwezi kupitia kisichoandikwa.

Kuna kijiji kimoja ninachokifahamu, wakulima walichangishana nauli wakatuma watu watatu mkoani kuomba ghala la mahindi. Walipokelewa vizuri, wakapewa viti, wakasikilizwa. Ofisa akafungua mpango wa halmashauri yao, akapekua ukurasa kwa ukurasa. Ghala halimo. Akawauliza muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliopitisha ombi hilo. Wakatazamana. Mkutano ulifanyika kweli, watu walinyoosha mikono, makofi yakapigwa, ila hakuna aliyeandika. Yule ofisa aliwaelekeza warudi kwa mtendaji wa kijiji, na kwa haki hakuwa na la zaidi. Mahindi ya msimu ule yalilala majumbani, na dumuzi hakusubiri bajeti. Ghala liliingia kwenye mpango wa mwaka uliofuata. Fedha za kulijenga, hiyo ni habari nyingine.

Hapo mkoa una nguvu ambayo wengi hawaijui, nayo ni kuuliza. Kama mradi wenu umo kwenye mpango, umepitishwa, na halmashauri haisemi lolote, seksheni ina haki ya kuitaka halmashauri ieleze. Barua ya kijiji ipitie kwa mtendaji wa kata na kwa Mkurugenzi, nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Ambatanisha muhtasari. Barua yenye muhtasari inasomwa. Malalamiko ya mdomo yanasahaulika mgeni akishatoka mlangoni.

Mambo ya ushirika yana mlango wa pembeni. Mkoani kuna Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika, lakini huyo yuko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kwa Sheria Na. 6 ya 2013, si mtu wa seksheni hii hata kama mara nyingine wanakaa jengo moja. AMCOS yako ikikukata fedha usizozielewa, anza na bodi na mkutano mkuu wa chama, nenda kwa afisa ushirika wa wilaya, ndipo umfikie yeye. Beba stakabadhi zako za mzani zote.

Pale ambapo mkoa hauna mbadala ni kwenye tatizo linalovuka mipaka ya wilaya. Mfano mzuri ni kweleakwelea. Ndege mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Unaona ni kidogo, lakini kundi la ndege milioni moja ni tani 10 kwa siku, na makundi ya namna hiyo yapo. Wanalala kwenye matete wilaya hii, asubuhi wanakula mpunga wilaya ile. Kupiga debe na kutupa mawe kunawahamishia kwa jirani tu. Ndege ya kunyunyizia sumu haimilikiwi na halmashauri. Inapatikana kupitia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu na Wizara ya Kilimo. Taarifa inatoka kijijini kwenda halmashauri, halmashauri inapeleka mkoani, na mshauri wa kilimo wa mkoa anazikusanya za wilaya zote ili rubani aende mahali sahihi.

Kinachochelewesha mara nyingi ni taarifa yenyewe. "Ndege ni wengi sana" haimsaidii mtu. Kinachotakiwa ni mahali wanapolala, kwa sababu dawa inapigwa jioni wakiwa wamekusanyika huko, si shambani. Wafuateni jua linapozama mwone wanatua wapi. Andikeni jina la eneo, ukubwa wake kwa makadirio, kama kuna maji, mifugo au nyumba karibu, zao gani linaliwa na limefikia hatua gani. Na wakishanyunyiziwa, tafadhali, msiokote wale ndege kwenda kuwala. Najua ni kitoweo kitamu. Wale wana sumu, na mtoto haelewi tofauti.

Mtama ukishaanza kutoa masuke, mpeni mtu mmoja kila kitongoji kazi ya kuangalia matete jioni, na namba ya afisa ugani wa kata iwe kwenye simu yake.