Pikipiki Huanguka Ikiwa Imesimama

Mimi ni mfupi wa miguu, na kazi yangu ni kubeba mizigo kwa pikipiki kati ya Bangboka na mjini Kisangani. Wengi huijua Bangboka kwa uwanja wake wa ndege, yapata kilomita 17 mashariki ya mji, kwenye Barabara ya Taifa namba 4 inayoelekea Bafwasende, Nia-Nia na Beni. Sisi motari tunaijua kwa mawese, makaa, ndizi na sombe, yaani majani ya muhogo, vinavyotoka vijijini kwenda sokoni. Miaka ya vita, mafuta yalipoadimika, mizigo hiyo ilitegemea baiskeli za kukodi, toleka, na mapaja ya vijana. Leo mingi inakaa juu ya pikipiki ya cc 125 au 150.

Anayetuona tukipita na magunia yanayozidi kimo cha mtu hudhani hatari yetu ni mwendo. Mwendo una hatari zake, sikatai. Lakini nilichokiona miaka yote ni motari kuanguka mahali pamoja: anapopanda au anaposhuka, magurudumu yakiwa hayazunguki kabisa. Pikipiki inayokwenda, ikianza kulala upande, dereva hugeuza usukani kidogo kuufuata upande huohuo, na magurudumu yanarudi chini ya uzito. Mikono inafanya hivyo bila kuulizwa. Ikishasimama, msaada huo umekwisha. Kilichobaki ni miguu yako na udongo unaoukanyaga.

Sasa pima uzito wenyewe. Bidoni ya lita 20 ya mawese ina kilo 18 hivi, kwa kuwa mafuta ni mepesi kidogo kuliko maji. Funga bidoni sita kwa mipira ya tairi na umepita kilo 100, karibu sawa na pikipiki yenyewe ikiwa tupu. Hata hivyo bidoni ni mzigo wa adabu, maana zinaning'inia chini, ubavuni mwa gurudumu. Gunia la makaa ndilo ninaloliheshimu. Lina kilo chache kuliko mawese, lakini linakaa juu, na uzito wa juu unavuta vibaya. Pikipiki ikiwa wima kabisa naizuia kwa vidole. Ikiinama kidogo, nataka mkono mzima. Ikipita hapo, wanaume wawili hawaishiki, na anayejaribu ndiye anayevunjika mguu.

Mtu wa kawaida hupanda kutoka kushoto, akirusha mguu wa kulia nyuma ya kiti. Kwetu nyuma kuna ukuta wa magunia, kwa hiyo mguu unapita mbele, juu ya tangi. Injini nimeizima, gia ya kwanza imeingia ili gurudumu la nyuma lisibiringike, mkono wa kulia umebana breki ya mbele, na nyonga yangu imeegemea kiti. Ndipo nakunja goti hadi karibu na kifua na kulipitisha taratibu. Nikishakanyaga pande zote mbili, nainua pikipiki ikae wima, na mwenzangu anaondoa gongo.

Gongo hilo ni kifaa cha kazi kama breki. Ni mti wenye panda, uliokatwa kwa kimo cha keria, unaoegemezwa chini ya mzigo upande wa kulia, wakati stendi inashika kushoto. Kisangani iko karibu kabisa na Ikweta na mvua hunyesha mwaka mzima, kwa hiyo udongo mwekundu wa kandokando ya njia ni laini hata siku yenye jua. Ncha ya stendi ni nyembamba, inazama huku unaitazama. Chini yake natanguliza kipande cha ubao, na chini ya gongo vilevile.

Vijana wananionyesha kwenye simu video za wazungu wanaosafiri kwa pikipiki ndefu za masafa. Mwaka 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walitoka Uskoti hadi Cape Town wakipitia Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, juu ya BMW R 1200 GS Adventure. Kiti cha pikipiki hiyo kiko karibu sentimita 90 kutoka ardhini, na tangi likijaa inazidi kilo 250. Wenye pikipiki za namna hiyo, hasa wafupi, hukanyaga kikanyagio cha kushoto, hujiinua kama mtu apandaye farasi, kisha huvusha mguu juu ya masanduku. Njia hiyo ni nzuri kwao: stendi yao ni nene na mzigo mwingi umefungwa chini. Kijana wa hapa akiiga, uzito wake wote pamoja na kilo 100 za mawese unashuka juu ya kipande cha chuma chembamba kwenye tope. Ninawakataza, na nitaendelea kuwakataza.

Kushuka kunaanza mbali, macho yakitafuta mahali pa kusimama. Barabara zimeinuliwa katikati ili maji yakimbilie mtaroni. Kongo tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo ukingo wetu unateremka kuelekea kulia. Mguu wa kushoto unapata ardhi ya juu, wa kulia unapata shimo. Kwa mfupi kama mimi hilo ndilo jambo lote: natua mguu wa kushoto peke yake, wa kulia unabaki kwenye breki ya nyuma, usukani umenyooka. Anayebana breki ya mbele ghafla huku usukani umepinda anajiangusha mwenyewe. Na kwa sababu ukingo unateremka kulia, pikipiki iliyoegeshwa kwa stendi ya kushoto inasimama wima kupita kiasi, na upepo wa lori unatosha kuilaza kulia. Ndiyo maana gongo liko upande huo. Ndugu zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania, wanaoendesha kushoto, wana shida iliyo kinyume: mguu wao wa kushoto ndio unaoanguka shimoni, na pikipiki inailalia stendi mno.

Uwanja wa ndege una taabu yake. Abiria anashuka na sanduku, nasi tunalilaza juu ya tangi. Hapo mbele pamefungwa na nyuma pamefungwa, dereva hana njia ya kutoka. Basi utaratibu ni huu: dereva anapanda kwanza, abiria wa pili, sanduku la mwisho. Tukifika, sanduku linapokewa, abiria anashuka, dereva anafuata. Abiria apande na kushukia kushoto, maana kwenye pikipiki zetu bomba la moshi liko kulia na linachoma shavu la mguu. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mawese.

Sokoni wenye mali wana haraka. "Papa motari, nipe bidoni zangu zote za huku kwanza." Mama, hapana. Tunatoa moja kushoto na moja kulia, la sivyo upande uliobaki unaivuta pikipiki chini pamoja na mali ya mwenzako.

Na ikianza kuanguka, iachie. Toa mguu, ruka pembeni, wacha mawese yamwagike. Kisha funga bomba la petroli na ufungue mzigo wote. Kama imelalia kulia, toa stendi kabla hujaiinua. Ipe mgongo, makalio yaguse kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye keria, halafu sukuma kwa mapaja ukirudi nyuma hatua ndogondogo. Mgongo uliopinda kuinua pikipiki haurudi kuwa kama zamani.

Hapa mjini kijana akishajua klachi na gia, anapewa pikipiki na siku hiyohiyo anapakiwa magunia. Wenye pikipiki na mnaowafundisha hawa watoto, nawaomba: fungeni mzigo kamili, zimeni injini, na mwacheni kijana apande na kushuka uani mpaka ajue mguu wake unapita wapi na ardhi yake iko wapi. Ufunguo mpeni baadaye.